Mekatroniki au umeme? Maswali ya mafinalisti na wazazi wa Lubumbashi

Matokeo ya mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, yakitoka, kwanza ni poda kichwani na pikipiki kupiga honi mtaani. Poda ikishaoshwa ndipo baba anauliza: sasa unajiandikisha wapi? Kwa mtoto anayependa hesabu na fizikia, siku hizi jibu linagota kwenye majina mawili, umeme na mekatroniki. Mimi ni mtu wa matengenezo ya umeme kiwandani, na wanastaji (wanafunzi wa mafunzo kazini) wa pande zote mbili wanapita mikononi mwangu, kwa hiyo maswali haya nayasikia kuanzia Katuba mpaka Golf. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Maoni yaliyomo ni yangu.

Kwa kifupi, fani hizi mbili zinatofautiana wapi?

Mhandisi wa umeme anasoma nguvu ya umeme tangu inapozalishwa, inavyosafirishwa, inavyoshushwa na transfoma, hadi inapozungusha mota au kuwasha taa. Pembeni yake kuna elektroniki, mawasiliano na udhibiti. Mhandisi wa mekatroniki anasoma mashine inayojiendesha: vyuma vyake, mota zake, sensa zake, na programu inayoamua kipi kisogee na saa ngapi. Fani yenyewe ni changa. Jina lake lilitungwa Japan mwaka 1969 ndani ya Yaskawa, kampuni inayotengeneza mota.

Tuchukue mgodi wa Kipushi, hapo jirani, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Shimo lake kuu linashuka zaidi ya mita 1,000, na watu pamoja na mawe hupandishwa kwa winchi kubwa na kamba za chuma. Mtu wa umeme akifika kwenye winchi kama ile anauliza: mota inavuta ampea ngapi inapoanza na mzigo? Transfoma inayoilisha inatosha? Umeme ukikatika katikati ya safari, breki zinashika zenyewe? Mtu wa mekatroniki anauliza: tunajuaje kizimba kiko mita ya ngapi? Kianze kupunguza mwendo wapi kabla ya kufika juu? Kamba ikirefuka kwa uzito, programu inajirekebishaje? Wote wawili wanataka kizimba kisimame mahali pake na watu watoke salama, ila kila mmoja ameingilia mlango wake.

Na elektromekaniki? Mbona wajomba zangu wote wana hiyo?

Ndiyo, na hili swali wanaotangaza mekatroniki kwenye mabango hawapendi kuligusa. Katanga ilikuwa na elektromekaniki muda mrefu kabla mtu yeyote hapa hajasikia mekatroniki. Politekniki ya Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), huko Kasapa, imetoa wahandisi wa elektromekaniki kwa miaka mingi sambamba na wa mines, metalurji na kemia ya viwanda, kwa sababu ndicho kilichohitajika: mtu anayejua pampu na mota inayoizungusha, kinu na umeme unaokilisha. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliwataka watu wa aina hiyo, na Gécamines iliyofuata ikawataka vilevile.

Ukiangalia masomo yenyewe, mekatroniki ni mdogo wake elektromekaniki. Elektromekaniki ina uzito kwenye mashine kubwa, mafuta, joto, mvuke, mota na transfoma. Mekatroniki imepunguza huo uzito ikaongeza sensa, elektroniki ndogo, roboti na kuandika programu. Matangazo ya kazi ya migodi yetu bado yanaandika elektromekaniki mara nyingi kuliko mekatroniki. Si kwamba hawakutaki. Mkuu wa wafanyakazi anasoma jina alilolizoea. Mwenye diploma ya mekatroniki inabidi kwenye CV yake aorodheshe wazi: mota, haidroliki, otomati (kompyuta ndogo ya kiwandani inayoamuru mashine), uchomaji, chochote alichofanya kwa mikono. Mwenye umeme hahitaji maelezo hayo.

Kwa hiyo mtu akiniambia anasita kati ya umeme na mekatroniki kwa sababu anapenda mashine nzito, namwambia kuna njia ya tatu na iko Kasapa.

Ipi ina kazi nyingi hapa Katanga?

Umeme. Na sababu zake unaweza kuziona kwa macho.

Anza na maji. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, na Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, yote yalijengwa wakati wa Wabelgiji ili kulisha migodi. Mwadingusha ilianza mwaka 1930. Busanga yenye megawati 240 imekuja miaka ya karibuni tu. Yale ya Wabelgiji hayakutosha, ndiyo maana mwaka 1982 ulizinduliwa mstari wa Inga–Kolwezi, karibu kilomita 1,700, unaobeba umeme wa mkondo mnyoofu (kontini) kwa volti 500,000. Inga wanageuza mkondo geu kuwa mnyoofu, Kolwezi wanaurudisha kuwa geu. Kwa umbali kama ule mkondo geu ungekuwa mgumu kuutuliza na ungepotea mwingi njiani. Kuna pia mistari inayotuunganisha na Zambia, inayotuletea umeme wa jirani. Hata reli yetu ya kusini ilianza kutiwa umeme tangu miaka ya 1950. Kila nguzo, kila swichi, kila relei ya ulinzi kwenye njia hizo ni kazi ya mtu aliyesoma umeme.

Halafu kuna shaba yenyewe. Viwanda vingi vya hapa havitoi shaba kwa moto. Vinaiyeyusha kwa asidi, kisha vinaitoa kwa umeme kwenye sali (ukumbi) ya elektrolizi. Wacha nikuonyeshe hesabu yake, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini umeme ni uchumi wa mkoa huu. Ampea 1 ikipita kwa saa nzima inaweka gramu 1.186 za shaba kwenye katodi, yaani bamba linalokusanya shaba. Selula moja (tangi moja la elektrolizi) ikipitishiwa ampea 30,000, kwenye karatasi itatoa kilo 35.6 kwa saa. Kazini hupati zote. Chukua ufanisi wa asilimia 90, unabaki na kilo 32. Selula hiyo inakula volti 2 hivi, maana yake kilowati 60. Gawanya 60 kwa 32: karibu kilowati-saa 1.9 kwa kila kilo, yaani 1,900 kwa tani moja. Hapo hujahesabu vinu vya kusaga mawe wala pampu. Sasa fikiria kiwanda kinachotoa tani mamia kwa siku, halafu uniambie nani anaitwa saa nane usiku redresa, ile inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, ikizimika.

Mekatroniki ina nafasi yake kwenye viwanda hivyohivyo: mashine za kung'oa katodi, roboti za maabara, magari ya chini ya ardhi yanayoendeshwa kwa rimoti. Nafasi hizo zipo, ila ni chache, na mara nyingi muuzaji wa mashine huja na watu wake miaka ya mwanzo.

Umeme gani huo, wakati mtaani kwetu delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ni kila siku?

Huo ndio ushahidi kwamba kazi ipo. Migodi ina jenereta, inanunua umeme nje, na mingine imeanza kujenga mitambo ya sola yenye betri. Mtaani nako kila mwenye uwezo ana paneli juu ya bati na inveta sebuleni, na nyingi zimefungwa vibaya: waya mwembamba kupita kiasi, betri hazina fyuzi, nyaya za paneli zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu. Kijana aliyesoma umeme vizuri anaweza kuishi kwa kazi hiyo kabla hajaona geti la mgodi wowote.

Ipi ina hesabu ngumu zaidi?

Miaka miwili ya kwanza huoni tofauti kubwa: matrisi, milinganyo ya diferensia, namba changamano, mekanika. Baadaye umeme unakuwa wa kufikirika zaidi. Uga wa sumaku hauonekani, fezi hazionekani, unabaki na vekta kwenye karatasi. Mekatroniki ina vitu unavyoweza kushika, lakini inakutaka uvishike vingi kwa wakati mmoja, na wengi wanachokea hapo: leo nguvu za vyuma, kesho programu, keshokutwa haidroliki.

Jipime kwa maswali haya mawili. La kwanza: mota ya fezi tatu ya kilowati 15, volti 400, cosφ 0.85, ufanisi 0.9, inavuta ampea ngapi? Unagawanya 15,000 kwa 1.732 × 400 × 0.85 × 0.9, unapata kama 28. Kisha unaanza kujiuliza kebo gani, disjonkta (swichi ya ulinzi) gani, na itakuwaje inapoanza, kwa sababu mwanzoni inaweza kuvuta mara sita ya hizo.

La pili: mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika, giaboksi inapunguza mara 20, ngoma ya konveya ina kipenyo cha mita 0.5. Mkanda unakwenda kwa mwendo gani? 1,450 gawanya kwa 20 ni 72.5, zidisha kwa mzingo wa ngoma, mita 1.57, unapata mita 114 kwa dakika, au 1.9 kwa sekunde. Kisha unajiuliza sensa iwekwe wapi ili ijue mkanda umeteleza.

Sikuulizi kama umepata jibu. Nakuuliza ni maswali yapi ya nyongeza yaliyokuvuta: ya kebo na disjonkta, au ya mkanda na sensa? Ukiona yote mawili yanakuchosha, fungua mazungumzo mengine na wazazi kabla hawajalipa.

Nilifanya sekondari ya ufundi, option umeme. Nina faida?

Mwaka wa kwanza unaumia, wa tatu unapumua. Waliotoka math-fizikia watakupita kwenye hesabu mapema. Wewe utawapita siku ya kwanza ya maabara, kwa sababu kontakta na multimeta si vitu vigeni kwako. Waliosoma shule kama Institut Technique Salama au Cité des Jeunes wanajulikana hata kwa jinsi wanavyoshika bisibisi. Ujaze pengo la hesabu wakati wa likizo, usingoje muhula uanze.

Aliyetoka biokemia anaweza, kwa jasho. Aliyetoka biashara, sishauri, ingawa wapo waliofanikiwa.

Ni miaka mingapi?

Mfumo wa sasa ni LMD: lisansi miaka 3, yenye kredi 180, kisha masta miaka 2, kredi 120. Zamani kulikuwa na gradua ya miaka 3 na lisansi ya 2, ndiyo maana babu yako akisema "lisansi" anamaanisha kitu kirefu kuliko wewe. Ukitaka kuitwa mhandisi bila watu kukukata jicho, weka akilini miaka 5. Na uongeze akiba ya mwaka mmoja, kwa migomo na kwa kozi utakazorudia.

Chuo kimoja kinatangaza mekatroniki. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Nenda. Usiulize kwa simu, nenda mwenyewe siku ya kazi, uombe kuona maabara. Jina zuri linaweza kuwekwa kwenye karatasi kwa siku moja. Benchi la mafunzo lenye otomati, silinda za hewa na mota halipatikani hivyo.

Kuna benchi niliwahi kuliona kwenye chuo fulani, sitakitaja: zuri, la Ulaya, limefunikwa plastiki yake ya safarini, na vumbi juu ya plastiki. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wameliona kupitia dirishani. Profesa hakuwa na programu ya kuliwasha, na aliyekuwa nayo alishahamia Kolwezi kwenye mgodi. Basi ukiingia maabara angalia mambo madogo. Nyaya za majaribio zimechakaa kwenye ncha? Vizuri, maana yake zinatumika. Kuna hewa ya kompresa au bomba ni la mapambo? Delestaji ikija kuna jenereta, au maabara yanaahirishwa mpaka mwakani? Kompyuta zina programu ya otomati iliyofungwa kweli, au wanafunzi wanachora programu ubaoni?

Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mnunulie soda, umwulize: umeshaandika programu iliyosogeza kitu? Umeshachora kipande kwenye kompyuta kikatengenezwa? Ni asistenti wangapi wanaofundisha kozi za ufundi, na wanafika? Nani alifundisha mekanika ya mashine, na alimaliza? Majibu ya huyo yana uzito kuliko brosha.

Uliza vilevile kama fani hiyo imeruhusiwa rasmi na Wizara ya Elimu ya Juu, na uombe kuona amri yenyewe. Diploma isiyotambuliwa na Leta ni karatasi ya gharama kubwa.

Idara ya umeme nayo iulizwe maswali haya. Tofauti ni kwamba umeme ukifundishwa bila maabara nzuri bado unabaki na nadharia inayokubeba. Mekatroniki ikifundishwa bila maabara haibaki na kitu, maana kiini chake ni kuunganisha vitu vikafanya kazi pamoja.

Nikisoma umeme naweza kuingia kwenye otomatiki baadaye? Na kinyume chake?

Ndiyo kwa yote mawili, lakini njia hazilingani kwa urefu.

Otomatiki ndiyo uwanja ambapo fani hizi mbili zinakutana. Chukua kitu kidogo kinachoonekana kwenye kila kiwanda hapa: sensa ya kupima kimo cha maji kwenye tangi. Inatuma habari zake kwa waya mbili kwa njia ya mkondo, kuanzia miliampea 4 hadi 20. Tangi tupu, 4. Tangi limejaa, 20. Nusu, 12. Kwa nini isianze na 0? Kwa sababu waya ukikatika mkondo unakuwa 0, na otomati inajua papo hapo kwamba hiyo si tangi tupu, ni hitilafu. Ingeanza na 0, waya uliotafunwa na panya ungeonekana kama tangi lililoisha maji, na pampu ingewashwa mpaka tangi lifurike. Mwanafunzi wa umeme anakielewa kitu hiki kwenye kozi ya vipimo. Wa mekatroniki anakielewa kwenye kozi ya sensa. Mezani kwangu wote wawili wanakaa kiti kimoja.

Kutoka umeme kwenda otomatiki ni kuchagua option sahihi mwaka wa nne na kujifunza lugha za otomati. Kutoka mekatroniki kwenda umeme mkubwa, yaani transfoma za volti nyingi, mistari, relei za ulinzi, ni safari ndefu, kwa sababu kozi zenyewe hukuzisoma, na kwenye volti 15,000 hakuna anayekuruhusu ujifunze kwa kujaribu. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kumwelekeza anayesita kwenye umeme.

Ila kama wewe tangu utoto umefungua redio, ukajenga magari ya waya yenye usukani, na ukikaa mbele ya mashine unatazama inavyosogea badala ya inavyolishwa, nenda mekatroniki. Mtu wa namna hiyo kwenye kozi ya mitandao ya umeme atalala.

Binti yangu anataka mekatroniki. Mafundi watamheshimu?

Mama, roboti zile kubwa za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013, zenye mikono inayonyanyuka na taa kifuani, zilitengenezwa na kundi la Women Technology, na aliyeliongoza ni mhandisi mwanamke, Thérèse Kirongozi. Zinatumia sola. Ni mekatroniki tupu, na imesimama barabarani mbele ya watu wote.

Kiwandani heshima inakuja kwa anayepata hitilafu. Tatizo la kweli kwa mabinti ni mengine: viatu vya usalama vya namba yao havipo stoo, choo cha wanawake kiko mbali na karakana, na kazi ya usiku haina usafiri wa kurudi Ruashi. Hayo ayaulize mapema anapoomba staji, bila aibu.

Tuna ndugu Afrika Kusini. Ni bora asome huko?

Huko mekatroniki imeshika mizizi. Stellenbosch na Cape Town wanaifundisha kama fani kamili. Kitwe, Zambia, kuna Copperbelt University, ambayo kwetu ni karibu kuliko Kinshasa. Wengi wanakwenda pia China, India na Uturuki.

Mambo mawili ya kuangalia. Akirudi, diploma ya nje inahitaji ekivalansi (cheti cha ulinganifu) ya wizara, kwa hiyo atunze kila karatasi: rilive (karatasi za alama) za kila mwaka, maelezo ya kozi, hata barua ya kukubaliwa. La pili, kama nia ni kufanya kazi ughaibuni, aulize kama programu yenyewe, siyo chuo tu, inatambuliwa chini ya Mkataba wa Washington, unaotambulisha digrii za uhandisi kati ya nchi wanachama. Afrika Kusini imo tangu 1999. Kongo haimo. Kwa anayetaka kurudi kufanya kazi Likasi au Kolwezi, hilo halimsumbui.

Lugha gani inahitajika?

Kifaransa cha darasani, Kiingereza cha vitabu vya mashine, Kiswahili cha karakana. Kichina kidogo kinafungua milango siku hizi. Hata kujua kusalimia na kuhesabu kunakusaidia kwenye kikosi kilichochanganyika.

Mshahara ni kiasi gani?

Sitaandika tarakimu, kwa sababu inategemea mgodi, mkataba na cheo kuliko fani. Ninachojua ni kwamba wengi hawaanzi kwenye mgodi wenyewe. Wanaanza kwa mkandarasi mdogo anayefanya kazi ndani ya mgodi. Sheria ya sutretansi (ukandarasi mdogo) ya mwaka 2017 inataka kampuni hizo ziwe na mtaji wa Wakongomani kwa sehemu kubwa, na ndizo zinazoajiri vijana wetu. Mkataba ni mfupi na mshahara ni mdogo kuliko wa mgodi, lakini unagusa mashine nyingi. Ukikaa hapo mwaka au miwili na ukatunza jina lako, mgodi utakuona.

Wa umeme na wa mekatroniki wanaoanza leo hawapishani sana mfukoni. Upishano unakuja baadaye, kwa anayejua kitu ambacho wengine kumi pale hawakijui.

Staji naipataje, na nitafanya nini huko?

Barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, na miguu. Peleka barua mapema, miezi kadhaa kabla, na usiishie kwenye migodi mikubwa tu. Viwanda vya unga, vya bia, vya plastiki, karakana za kusokota mota upya pale mjini, wachimba visima wa maji: kote huko kuna mota, pampu na paneli za umeme, na wanastaji ni wachache. Kwenye karakana ya kusokota mota utajifunza kwa mwezi mmoja kile ambacho mgodi mkubwa usingekuruhusu ukiguse.

Siku ya kwanza hutashika waya. Utafundishwa kufunga. Kabla ya mtu kuingiza mkono kwenye mashine, umeme unakatwa, kila fundi anaweka kufuli lake kwenye swichi na kuondoka na ufunguo mfukoni, kisha anapima kwa kifaa kuhakikisha kweli hakuna volti, na kifaa chenyewe anakipima kwanza mahali penye umeme ili ajue hakijafa. Halafu anabonyeza kitufe cha kuwashia, kwa makusudi, aone mashine imekaa kimya. Wanastaji wa mekatroniki huwa wanasahau kwamba hewa iliyobaki kwenye silinda na mafuta yaliyobaki kwenye haidroliki vinaweza kusogeza chuma hata umeme ukiwa umekatwa. Hao nawafundisha kufungua vali ya kutoa presha kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona mahali ambapo fundi anacheka kufuli, rudi nyumbani ukatafute staji kwingine.

Tuko Bukavu na Goma, hayo yote yanatuhusu?

Kwa sehemu. Kwenu hakuna sali za elektrolizi, kuna maji yanayoshuka: Ruzizi, na Matebe upande wa Rutshuru. Mitambo midogo ya maji na sola ya mitaa inahitaji mtu wa umeme anayejua pia kufungua tabini, kwa hiyo kwenu elektromekaniki na umeme vinatangulia, mekatroniki inafuata kwa mbali.

Nimeshaanza mwaka wa pili mekatroniki, nahisi nilitaka umeme. Nihame?

Usihame kabla ya kusoma kozi ya mashine za umeme. Wengi wanaosema hivi wamechoshwa na mwalimu mmoja au wameshindwa mekanika, na umeme hautawaponya. Soma hiyo kozi, fanya maabara yake, kisha jiulize tena.

Kama bado unataka, hama mwisho wa mwaka wa pili, usingoje wa tatu. Kozi za hesabu, fizikia na kompyuta kwa kawaida zinahamishika. Kozi za michoro ya vyuma na nguvu za vifaa mara nyingi hazihesabiwi upande wa pili, na wewe utadaiwa saketi na uga wa sumaku ulizozikosa. Nenda aparitora (ofisi ya usajili wa wanafunzi) na rilive zako zote mbili zenye muhuri, uombe kwa maandishi orodha ya kredi watakazokubali, na usilipe ada ya mwaka mpya kabla hujapewa karatasi hiyo mkononi.